Vua Kofia

Kwa miaka mingi nimekuwa nikianza kila muhula kwa kutaja kanuni tatu. Simu izimwe. Mlango ufungwe dakika kumi baada ya kipindi kuanza. Kofia zivuliwe. Kanuni hizo sikuzitunga mimi. Nilizirithi kwa walimu wangu, nao walizirithi kwa walimu wao, na hakuna miongoni mwetu aliyewahi kujiuliza kofia ya mwanafunzi inaidhuru vipi elimu. Ndivyo zilivyo kanuni nyingi tunazoishi nazo katika nchi hii. Hudumu kwa sababu hakuna aliyezihoji, na anayeumizwa nazo kwa kawaida hukaa viti vya nyuma.

Miaka minne iliyopita, katika kipindi cha saa kumi alasiri, nilimwona kijana wa mwaka wa pili ameketi safu ya mwisho akiwa amevaa kofia pana ya kitambaa. Ukumbi wetu una madirisha makubwa yanayotazama magharibi, na saa hizo jua humwagika hadi katikati ya viti. Kijana huyo ni mtu mwenye ualbino. Nilijua hivyo tangu mwaka wake wa kwanza, kwa sababu alikuwa akiomba nakala za maandishi makubwa. Hata hivyo, mbele ya wanafunzi zaidi ya mia mbili, nikasema, “Wewe wa nyuma, vua kofia.”

Akaivua bila kusema neno. Hapo ndipo nilipoona, kwenye ukingo wa juu wa sikio lake la kulia, kipele chenye gamba gumu la rangi ya manjano, ukubwa wake kama punje ya hindi, na kuzunguka kipele hicho ngozi ilikuwa nyekundu. Nilikiona vizuri kabisa. Kisha nikageukia ubao na kuendelea na mhadhara wangu, ambao siku hiyo, naandika haya kwa aibu, ulihusu wajibu wa dola kwa raia wanyonge.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilinyamaza. Jibu la haraka ni adabu: hatukulelewa kumwambia mtu jambo juu ya mwili wake mbele za watu. Lakini kipindi kilipokwisha ningeweza kumwita pembeni, nami sikumwita. Jibu la kweli ni baya zaidi. Nilijiambia moyoni kwamba ndivyo ngozi zao zilivyo. Hiyo ni sentensi fupi, haina matusi wala chuki, na nadhani imeua watu wengi katika nchi yetu kuliko matusi yote tunayoyalaani hadharani.

Miezi tisa baadaye aligonga mlango wa ofisi yangu. Sikio lilikuwa limefunikwa kwa shashi na plasta. Alikuja kuomba kuahirisha mtihani.

“Unaumwa nini?” nikamuuliza.

“Kidonda hiki, Dokta. Nimekwenda zahanati mara mbili. Mara ya kwanza walisema ni fangasi, mara ya pili wakanipa dawa ya kupaka ya bakteria. Kinakauka juu, halafu usiku kinatoa damu kwenye mto. Sasa nimepewa barua ya rufaa.”

“Barua ya lini?”

Akainamisha kichwa. “Ya mwezi juzi.”

Hakuwa mzembe. Bumu lilikuwa limekwisha, nauli ya kwenda na kurudi hospitali ya rufaa ni fedha nyingi kwa mwanafunzi, na zaidi ya yote aliogopa kwenda peke yake mahali ambapo alihisi ataambiwa kwamba sikio litakatwa. Akaniuliza, “Wewe unaonaje, Dokta?”

Nikamjibu kwamba udaktari wangu ni wa vitabu na si wa kutibu. Akatabasamu kidogo, kisha akasema kwa upole ambao sitausahau, “Najua, Dokta. Ila wewe ulikiona mapema kuliko mtu mwingine yeyote. Siku ile ya kofia.”

Tulikwenda pamoja wiki iliyofuata.

Ndugu msomaji, nilichojifunza katika chumba kile cha daktari wa ngozi sikukifundishwa shuleni, chuoni, wala katika miaka yangu yote ya kusomea shahada ya uzamivu. Ndiyo maana nakiandika hapa.

Jambo la kwanza ni kwamba daktari hakuanza na sikio. Alimwomba kijana avue shati, akamkagua kichwa, nyuma ya masikio, midomo, shingo, mikono, mgongo, mpaka nyayo. Kwenye paji la uso na migongo ya mikono alionyesha mabaka madogo ambayo mimi nisingeyatambua kwa macho: makavu, yanayokwaruza kama msasa ukipitisha kidole. Akatueleza kwamba hayo bado si saratani, bali ni dalili za ngozi iliyochomwa na jua kwa miaka mingi, na baadhi yake huweza kugeuka saratani yakiachwa. Hayo aliyatibu siku hiyohiyo kwa kuyagandisha kwa nitrojeni ya majimaji, ambayo ubaridi wake hufikia nyuzi 196 chini ya sifuri. Ulitoka moshi mweupe, kijana akakunja uso kwa sekunde chache, na kazi ikaisha. Mabaka yanapokuwa mengi, akasema, ipo pia krimu ya kupaka kwa majuma kadhaa inayoua seli zilizoharibika.

Sikio lilikuwa jambo jingine. Alidunga sindano ya ganzi, akachukua kinyama kidogo, akakitia kwenye kichupa ili kipelekwe maabara. Majibu yalichukua zaidi ya majuma mawili. Yalipotoka, yalisema ni saratani ya seli bapa, yaani zile seli zinazounda tabaka la juu la ngozi. Hii ndiyo saratani ya ngozi inayowapata zaidi watu wenye ualbino katika Afrika. Huanza kama kipele chenye gamba au kidonda kidogo kisichopona, na mara nyingi hukaa kichwani, usoni, masikioni, shingoni na mikononi, mahali jua linapofika. Ikikamatwa mapema, hukatwa pamoja na ukingo wa milimita chache wa ngozi nzima, chini ya ganzi ya kawaida, na kwa wagonjwa wengi habari huishia hapo. Ikiachwa, huchimba chini, hula gegedu na mfupa, kisha hufuata njia ya tezi za shingo. Hapo tiba huwa upasuaji mkubwa, mionzi, safari za Ocean Road, na matumaini hupungua kila mwezi unaopita.

Tofauti kati ya hali hizo mbili ni muda tu. Ugonjwa ni uleule na ngozi ni ileile. Miezi tisa niliyonyamaza mimi ilikuwa sehemu ya muda huo.

Kijana alipoteza theluthi ya juu ya sikio lake. Tezi za shingo zilikutwa salama. Daktari alipotueleza hayo, kijana aliuliza swali moja tu: miwani yake itashikilia wapi? Daktari akamwonyesha kwa kidole mahali palipobaki, akamwambia patatosha. Miwani inakaa hadi leo, imeinama kidogo upande wa kulia.

Sasa niseme kidogo kuhusu sababu. Ualbino ni hali ya kurithi. Mtoto huipata pale baba na mama wote wawili wanapokuwa wamebeba kinasaba chake, hata kama wao wenyewe ni weusi tii. Mwili hutengeneza melanini kidogo mno au haitengenezi kabisa, na melanini ndiyo mwavuli ambao sisi wengine tumezaliwa nao bila kuulipia. Katika nchi yetu, ambako inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya takriban 1,400 ana ualbino, na ambako jua la utosi ni la karibu mwaka mzima, mtu asiye na mwavuli huo huanza kuungua akiwa bado mgongoni mwa mama yake. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam kwa watu 350 wenye ualbino, na kuchapishwa mwaka 1985, ulionyesha kwamba uharibifu wa ngozi uliotokana na jua ulionekana tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Mwaka 1985! Wengi wa wanafunzi wangu wa leo hawakuwa wamezaliwa. Kwa hiyo, hatuwezi kudai kwamba hatukujua.

Lakini nisimfanye msomaji mwenye ngozi nyeusi adhani kwamba habari hizi ni za jirani. Daktari alipomaliza na kijana, alinigeukia mimi niliyekuwa nimekaa kama msindikizaji, akasema, “Na wewe, Mwalimu, vua viatu.”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikavua viatu na soksi kama vile kijana wangu alivyovua kofia, bila neno, mbele ya mtu niliyemzidi umri.

Akanieleza kwamba melanini hutukinga sana, lakini haitukingi na kila kitu. Melanoma, ambayo ni saratani ya seli zile zile zinazotengeneza rangi ya ngozi, inapompata mtu mweusi mara nyingi haitokei mahali panapopigwa na jua. Hutokea kwenye unyayo, kiganja, au chini ya ukucha. Wapenzi wa rege wanajua kwamba Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Pengine wasichojua ni kwamba ugonjwa ulianzia kwenye kidole gumba cha mguu, ukagunduliwa mwaka 1977, na mwanzoni ukadhaniwa kuwa jeraha la mpira. Sisi tungesema ni mwiba, au funza, au kiatu kinabana.

Chini ya kisigino changu cha kushoto palikuwa na doa jeusi. Sikuwa na habari nalo. Daktari alilitazama kwa lenzi yake yenye taa kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko mhadhara wowote niliowahi kuutoa. Kisha akasema ni doa la kawaida, linalingana pande zote, rangi yake ni moja, halijazidi milimita 6. Akanifundisha cha kuangalia: umbo lisilolingana pande mbili, kingo zilizochongoka, rangi zaidi ya moja ndani ya doa moja, upana unaozidi kifutio cha penseli, na zaidi ya yote, mabadiliko. Doa linalokua, linalowasha, linalotoa damu. Kwa ukucha, mstari mmoja mweusi unaojitokeza ukubwani, unaopanuka, au ambao weusi wake unamwagikia kwenye ngozi inayozunguka ukucha. Mistari myembamba ya miaka mingi kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwetu na haipaswi kumtia mtu hofu.

Kisha akataja jambo lililoninyamazisha njia nzima ya kurudi nyumbani. Alisema kwamba kwa Mwafrika mweusi, saratani ya seli bapa mara nyingi huota juu ya kovu la zamani la moto au juu ya kidonda kilichokaa miaka bila kupona. Tabibu Mfaransa, Marjolin, alieleza vidonda vinavyoota juu ya makovu tangu mwaka 1828.

Nilimkumbuka shangazi yangu. Akiwa msichana alimwagikiwa na uji wa moto uliochemka kwenye mafiga, akabaki na kovu kubwa nyuma ya goti. Alipovuka miaka hamsini kovu lile lilipasuka. Kijijini tukakiita kidonda ndugu, kwa sababu kilikuwa hakimwachi. Kilioshwa kwa maji ya chumvi, kikawekwa unga wa vidonge, kikapelekwa kwa mganga, kikaombewa. Kingo zake zilivimba na kunyanyuka kama koliflawa, kikatoa harufu, nasi watoto wa ukoo tukajifunza kukaa mbali kwa heshima. Kilikaa miaka sita. Mguu ulipokatwa, tezi za kinenani zilikuwa zimeshavimba. Hakumaliza mwaka. Katika miaka hiyo sita hakuna aliyechukua kinyama cha ukubwa wa punje ya mchele na kukipeleka maabara. Nilikuwa tayari nina shahada ya kwanza wakati huo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo inamlaumu mgonjwa. Lakini shangazi yangu hakuficha, na kijana wangu hakuficha. Mimi mwenyewe nilimvua kofia. Maradhi yalikuwa wazi mbele ya macho yetu, nasi tuliyatazama na tusiyaone. Labda tunahitaji methali nyingine kwa ajili yetu sisi tuliotazama.

Hapa ndipo suala la ngozi linapogeuka kuwa suala la siasa, ambalo ndilo shamba langu. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoitikisa nchi kuanzia miaka ya 2006 na 2007, dunia nzima ilitugeukia, na ilistahili kutugeukia. Viongozi walilaani. Mwaka 2010 Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, na mwaka huohuo wananchi wa Lindi Mjini wakamchagua Salum Barwany, mtu mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Hizo ni hatua, na sizibezi. Lakini muuaji mwenye panga ana sura, hukamatwa, hushtakiwa, huandikwa magazetini. Jua halina sura wala halipelekwi mahakamani. Linaua polepole mtu wa miaka thelathini anayelima, anayeuza nyanya kando ya barabara, anayesubiri basi, na kifo chake hatukiiti mauaji. Tunakiita mapenzi ya Mungu.

Maarifa ya kuzuia vifo hivyo yapo, tena yapo hapa nyumbani. Moshi kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho kimefundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Hapo KCMC pia ulianzishwa mradi wa kutengeneza losheni ya kukinga jua, Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Jirani zetu wa Kenya wamekuwa na mpango wa serikali wa kugawa losheni hizo kupitia Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu. Kwa hiyo suala si kama inawezekana. Suala ni nani anahesabiwa anapopangiwa bajeti.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma safu hii, nina maombi manne, na hakuna hata moja linalohitaji kamati ya kwenda nje kujifunza. Kwanza, losheni ya kukinga jua kwa mtu mwenye ualbino ihesabiwe kuwa dawa, ipatikane zahanati na ilipiwe na bima, badala ya kuachwa kwenye maduka ya vipodozi ambako chupa moja humgharimu mkulima mapato ya siku nyingi. Pili, kila mhudumu wa zahanati afundishwe kanuni moja rahisi: kidonda au gamba lisilopona ndani ya wiki nne, kwa mtu yeyote, halipewi tyubu ya tatu ya dawa ya kupaka, linakatwa kinyama au linapewa rufaa. Tatu, rufaa hiyo iambatane na nauli kwa asiye nayo, maana barua ya rufaa bila nauli ni karatasi. Nne, sare za shule ziruhusu mikono mirefu na kofia pana, na gwaride la asubuhi lisimuweke mtoto mwenye ualbino juani kwa jina la nidhamu.

Kwa wanaharakati, nawaomba msisubiri tarehe 13 Juni ya kila mwaka, siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino, kuvaa fulana na kupiga picha. Mtafuteni mtu mmoja, mkague naye ngozi kila mwezi, mumsindikize.

Na kwenu wanafunzi wangu: losheni hupakwa kabla ya kutoka nje na hurudiwa kila baada ya saa mbili, lakini kivuli, kofia na mikono mirefu hutangulia losheni. Mkorogo unaowaahidi weupe huondoa mwavuli mliozaliwa nao. Na ukiona kitu kwenye ngozi ya mwenzako, mwite pembeni, mwambie kwa staha. Anaweza kukasirika siku moja. Hasira hupona.

Kijana wangu alihitimu mwaka jana. Kofia ya mahafali, mtakumbuka, ni ile bapa ya mraba iliyotoka ng’ambo. Haikingi sikio, haikingi shingo, na sherehe yetu hufanyika kwenye uwanja wa wazi saa sita mchana. Alipokaribia kuitwa jina, nilimwona amesimama kwenye foleni na joho lake, ameshika mwavuli mkubwa mweusi. Mwenzangu mmoja katika kamati ya itifaki alianza kumwelekea amwamuru aufunge. Nilinyanyuka nikamfikia kwanza.

Siku hizi, muhula unapoanza, nataja kanuni mbili tu. Ya tatu nimeiacha, na mahali pake nawasimulia wanafunzi wapya kisa hiki, kisha nawapa kazi ya nyumbani isiyo na maksi. Nawapa na nyinyi mliosoma hadi hapa. Usiku wa leo, kabla ya kulala, washa taa, kaa kitako, tazama nyayo zako na kati ya vidole. Mwombe mtu akutazame mgongo na nyuma ya masikio. Kisha mpigie simu mama, au shangazi, au bibi kijijini, umuulize juu ya kile kidonda ambacho miaka yote anasema kinaendelea vizuri.